Taa ya Kutazamwa na Taa ya Kuonea

Hapana mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuulizwa na wanafunzi wake tofauti iliyopo baina ya kuona na kutazama. Aghalabu tunajibu kwamba kuona ni kazi ya jicho lenyewe, nako huweza kutokea bila ya mtu kukusudia. Kutazama ni kulielekeza jicho mahali kwa hiari. Ndiyo maana mtu aweza kutazama asione, na aweza pia kuona asichokitazama. Jibu hilo latosha kwa mtihani. Katika makala haya nataka kulipeleka mbele kidogo, mpaka lifike penye swali la maadili: mtu anayetazama kwa starehe kitu kilichofanywa ili kumkumbusha mashaka ya wenzake, je, ametenda jema, ametenda baya, au hajatenda lolote?

Swali hili sikulipata vitabuni. Lilinijia nikiwa ndani ya mashua, mwezi Desemba mwaka 2017, katika mji wa Amsterdam nchini Uholanzi, nilikokwenda kumzuru mpwa wangu.

Mji huo umekatwa na mifereji ya maji kama vile miji mingine inavyokatwa na barabara. Mifereji mikubwa inayouzunguka mji wa kale ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na mwaka 2010 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu mwaka 2012, kila majira ya baridi, kuanzia mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari, wasanii wa nchi mbalimbali hutengeneza kazi za sanaa kwa taa na kuziweka juu ya maji, chini ya madaraja na kando ya kuta. Wakati huo wa mwaka jua huchwa huko saa kumi na nusu za jioni, hata usiku unakuwa mrefu mno kwa mtu aliyezoea usiku wetu wa saa kumi na mbili. Anayetaka huweza kuzitazama taa hizo kwa miguu bila ya malipo. Lakini wageni wengi hulipa nauli, wakaingia katika mashua zilizoezekwa kwa vioo, wakaketi penye joto, wakapitishwa mbele ya kazi moja baada ya nyingine kwa muda wa saa moja na zaidi, huku sauti ya maelezo ikisikika.

Mpwa wangu ndiye aliyenilipia. "Mjomba," aliniambia, "huwezi kurudi nyumbani bila ya kuziona taa."

Sitaki msomaji adhani ya kwamba nilipanda chombo kile nikiwa na kinyongo. Nilifurahi kama watu wengine. Maji yalikuwa meusi na matulivu, na kila taa ilikuwa na pacha wake chini. Mtoto aliyekaa mbele yetu alikuwa amebandika pua yake kwenye kioo, na kila alipoona umbo jipya alimwita mama yake. Kando yangu aliketi bibi mmoja mzee, Mfaransa, pamoja na mumewe. Sote tulinyamaza kwa namna watu wanavyonyamaza mahali pa ibada.

Kisha nikauona mstari mwekundu. Ulikuwa wa taa nyembamba, nao ulikuwa ukifuata njia yetu kando ya maji, ukipotea na kutokea tena. Sauti ya maelezo ikatuambia kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Ai Weiwei, msanii wa Kichina. Jina lake nilikuwa nimekwisha kulisikia. Baba yake, mshairi Ai Qing, alipelekwa uhamishoni na serikali yake, na mtoto alikulia huko uhamishoni. Yeye mwenyewe alitiwa kizuizini kwa siku 81 mwaka 2011, na pasi yake ya kusafiria ilizuiliwa mpaka Julai 2015. Kazi ile aliiita *Thinline*, yaani mstari mwembamba, na urefu wake ulikuwa kilomita 6.5. Maana yake ilikuwa mipaka ya nchi, na watu ambao maisha yao hukwama penye mipaka hiyo. Mwaka uleule alikuwa ametoa filamu ndefu, *Human Flow*, juu ya wakimbizi wa dunia.

Sauti ilisema kwa ufupi, ikarudia kwa lugha nyingine. Watu wakatazama. Wakapiga picha. Mashua ikakata kona, tukafika kwenye kazi iliyofuata.

Hapana budi sasa nieleze kwa nini moyo wangu ulishtuka. Mwezi Mei mwaka 2015, machafuko yalipozuka nchini mwetu Burundi, nami nilivuka mpaka. Tulifika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho kwenye ufuko mwembamba wa Ziwa Tanganyika, maji mbele na milima nyuma. Katikati ya mwezi huo watu tuliokusanyika hapo tulikaribia elfu hamsini. Maji safi yalikuwa haba, vyoo vilikuwa haba, kipindupindu kikaingia, na watu wakafa. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa. Ilikuja meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikatuchukua kwa mafungu ya mamia hadi Kigoma. Gati la kuipokea halikuwapo, basi tulipelekwa kwayo kwa mitumbwi, wazee na wagonjwa wakiinuliwa kwa mikono. Mpaka nilioujua mimi ulikuwa hivyo. Haukuwa na rangi yoyote.

Kwa hiyo nilipouona mpaka umefanywa pambo jekundu, na watu waliokula wakashiba wakiutazama kwa dakika mbili, nilikasirika. Na kwa kuwa nimezoea kupanga hoja, niliipanga hasira yangu kwa mafungu matatu. Kwanza, nilisema moyoni, mateso ya watu si mali ya kila mtu ya kupambia mji. Pili, mtazamaji hudanganyika: kwa kuwa amehuzunika kidogo, hujiona ametenda jambo, akarudi hotelini kwake na dhamiri iliyoshiba. Tatu, yule anayesemwa na kazi hiyo hayumo miongoni mwa walioketi kuitazama. Wenzake wanapatana juu yake naye hayupo.

Tuliposhuka nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjomba, kama mstari ule usingekuwapo, wangetazama nini?"

Sikuwa na jibu. Kila nilipolitafuta, kumbukumbu yangu ilinirudisha Kagunga.

Usiku, pale ufukoni, ziwa lilijaa taa. Zilikuwa taa za wavuvi wa dagaa, ambao sisi huwaita ndagala. Walimu wenzangu wa pwani hiyo ya ziwa wanaijua kazi hii. Jua likichwa wavuvi hutoka, wakafika mbali na ufuko wakawasha taa. Samaki wadogo huvutwa na mwanga, wakakusanyika chini yake, na wavu uliotegwa chini ukainuliwa. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za diodi zinazowaka kwa betri. Ni ukoo uleule wa taa unaopamba mifereji ya Amsterdam, uliowezekana baada ya kuvumbuliwa kwa diodi ya mwanga wa buluu, uvumbuzi ambao mwaka 2014 uliwapatia wataalamu watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Nasi tuliokuwa tumelala chini tulizitazama taa zile. Karibu nami palikuwa na mama mmoja mwenye watoto watatu. Walipokuwa hawapati usingizi kwa njaa na kwa kelele za wagonjwa, aliwaambia, "Hesabuni taa." Watoto wakahesabu, wakapotea hesabu, wakaanza tena, mpaka wakalala. Nami nilihesabu pamoja nao kimyakimya. Nakiri ya kwamba katika siku zile za dhiki, hakuna kitu kilichokuwa kizuri kama taa zile.

Basi nilijiuliza: wavuvi wale walikuwa wakifanya nini? Walikuwa kazini. Walikesha katika baridi na upepo kwa ajili ya riziki ndogo, na ziwa lile huua watu. Sisi tuliifanya jasho lao kuwa faraja yetu, bila ya kuwaomba ruhusa na bila ya kujua jina la hata mmoja wao. Kama ni kosa kutazama kwa raha kitu chenye mashaka ya mwingine ndani yake, basi mama yule alikuwa mkosaji, na watoto wake watatu, na mimi. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema hivyo. Hoja yangu ya kwanza ikaanguka hapo. Macho hayana pazia, wamesema wahenga. Kutazama peke yake si wizi.

Lakini hoja ya pili ilibaki imesimama, na tena taa za wavuvi ndizo zilizoifafanua. Tuirudie sarufi kidogo. Kwa kiambishi cha kutendea, Kiswahili hutuwezesha kutaja kitu kwa kazi yake: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, taa ya kuonea. Taa ya kuonea haitazamwi yenyewe. Hutuonesha kitu kingine. Mtu anayetafuta sindano iliyoanguka hatazami taa, hutazama sakafu. Kinyume chake ni taa ya kutazamwa, ambayo huyavuta macho yote kwake. Na taa ya mvuvi ni ya namna ya tatu: ni taa ya kunasia. Dagaa huifuata taa, na kwa kuifuata hawauoni wavu.

Hapo ndipo ilipo hatari ya taa ya kutazamwa, hata iwe nzuri kiasi gani. Yaweza kugeuka ya kunasia bila ya mtengenezaji wake kukusudia. Wale tuliokuwa ndani ya mashua tulivutwa na mstari mwekundu kama dagaa. Tuliutazama mpaka. Je, tulimwona mtu yeyote aliyesimama penye mpaka? Kwa kadiri nilivyoweza kujua, hapana. Na ushahidi wangu ni mimi mwenyewe, nitakavyoeleza.

Kesho yake nilirudi mifereji ileile mchana, kwa miguu. Taa zilikuwa zimezimwa, na mstari ule nisingeutambua kama nisingeujua. Badala yake niliziona nyumba. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo hutumiwa kwa vyombo, lakini yafaa pia kwa miji. Nyumba zile ndefu zenye madirisha makubwa zilijengwa kwa mali ya biashara, katika karne ya kumi na saba, Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ilipokuwa imekwisha kuundwa mwaka 1602, na ile ya Magharibi ya India mwaka 1621. Kampuni hii ya pili ilisafirisha Waafrika ng'ambo ya Atlantiki kama watumwa. Kando ya mfereji uitwao Herengracht iko nyumba nambari 502, ambayo leo ni makao ya meya wa mji. Ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni hiyo. Mwaka 2006 jiwe la ukumbusho liliwekwa mbele yake ili hayo yasisahaulike.

Nilisimama hapo kwa muda. Usiku uliotangulia sikuwa nimeambiwa habari ya nyumba ile. Silaumu, maelezo ya mashua yana kiasi chake. Nasema tu kwamba pale palikuwa na mpaka uliovukwa na watu wengi wasiotaka, na hakuna taa iliyowekwa ili kuuonesha.

Hata hivyo mji ule haukuishia katika kutazama. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Julai 2021, Meya Femke Halsema aliomba radhi hadharani kwa niaba ya Amsterdam kwa jinsi mji ulivyoshiriki katika utumwa. Na tarehe 1 Julai 2023, miaka 160 tangu utumwa ulipopigwa marufuku katika makoloni ya Uholanzi huko Suriname na Karibiani, Mfalme Willem-Alexander naye aliomba radhi. Radhi hairudishi maisha ya mtu. Lakini haitoki kwa mtu ambaye hajaona. Ilitokana na kazi ya miaka mingi ya watu waliosoma nyaraka, waliofundisha, waliobishana, na hasa wazao wa watumwa wenyewe waliokataa kunyamaza. Kazi hiyo haikuwa na mashua wala vioo.

Wavuvi wa ziwa letu wana desturi moja inayonisaidia kufikiri hapa. Mwezi unapokuwa mpevu, wengi wao huacha kuvua kwa taa. Mbalamwezi ikimulika ziwa zima, taa hupoteza nguvu yake ya kuvuta, na samaki hutawanyika. Taa hunasa panapokuwa na giza pande zote. Ndivyo ilivyo kwa sanaa na kwa habari za misiba ya watu: chache zinazomulikwa katikati ya ujinga mwingi hutuvuta na kutushika. Dawa yake si kuizima taa, kwani nani atafaidika na giza? Dawa ni kuongeza nuru inayoenea, ambayo mtu huipata kwa elimu, ili anapoutazama mstari mwekundu aweze pia kuona nyumba zilizo nyuma yake, na mtu aliye kando yake.

Yuko atakayepinga kwamba msanii hana deni la namna hiyo; kazi yake ni kutengeneza uzuri, na mengine ni ya wanasiasa na wahubiri. Nakubali nusu ya maneno hayo. Deni silipeleki kwa msanii. Ai Weiwei alifanya lililokuwa juu yake: aliweka mstari mahali ambapo watu wangepita, na mimi nisingekuwa nikiandika haya kama asingeuweka. Deni ni la anayetazama. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: aliyetazama ameazima, na kuazima si kosa wala si jema bado. Linakuwa jema akilipa, yaani akienda kuuliza ni nani waliokuwa nje ya mwanga. Linakuwa baya akidhani kwamba nauli ya mashua imemaliza hesabu.

Imebaki hoja ya tatu, ile ya kwamba mwenye mashaka hayumo miongoni mwa watazamaji. Msomaji amekwisha kuona udhaifu wake. Nilikuwamo! Tulipokuwa tukikaribia kushuka, yule bibi Mfaransa aliniuliza kwa upole natoka nchi gani. Nikamwambia Burundi. Akaniuliza kama nimezipenda taa. Nikajibu, "Ndiyo, ni nzuri sana." Akatabasamu, akafunga kilemba chake cha sufi, akashuka. Yeye hakuuliza zaidi nami sikusema zaidi. Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye. Siku hizi sina hakika. Pengine nilikuwa nimechoka kuwa mfano wa jambo. Pengine nilitaka kwa jioni moja kuwa mtu anayetazama taa tu, kama watoto wa Kagunga. Nadhani mtu aliyeteswa anayo haki hiyo, na asidaiwe ushuhuda kila anapoketi.

Lakini liko jambo moja ambalo siwezi kujitetea kwalo, nalo latuhusu sisi walimu. Miaka kadhaa kabla ya kukimbia kwangu, nilikuwa nikifundisha darasa la Kiswahili mjini Bujumbura, nikawapa wanafunzi kifungu cha ufahamu juu ya wakimbizi. Kilikuwa kifungu kizuri, chenye msamiati wa kutosha. Maswali yalikuwa matano: taja, eleza, toa maana, toa kinyume, andika kichwa kinachofaa. Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja aliyekuja na wazazi wake kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, wakati wa vita. Alijibu maswali yote sawasawa. Nikampa alama kumi kwa kumi, nikaandika "Vizuri sana" kwa kalamu nyekundu, kengele ikalia.

Hilo ndilo lililonitoa usingizini usiku ule mjini Amsterdam, baada ya hasira yangu yote kupoa. Mimi pia nilikuwa na mashua yangu, nayo ilikuwa kipindi cha dakika arobaini. Niliwapitisha watoto mbele ya msiba, nikawaeleza kwa ufupi, nikakata kona kwenda somo lililofuata. Na mtu mwenyewe alikuwa ameketi safu ya pili, karibu na dirisha.

Sisemi kwamba ningemsimamisha mbele ya wenzake aeleze yaliyompata; huo ungekuwa ukatili mwingine. Ningeweza kumwita baada ya kipindi nikamwuliza anaendeleaje. Ningeweza kumwuliza kama kifungu kile kimesema kweli. Wenzetu wa Dar es Salaam walilipa jarida lao la lugha jina la *Mulika*, na naliona jina hilo kuwa agizo kwa kila mwenye chaki mkononi. Kumulika ni kuelekeza mwanga kwa kitu kilicho gizani ili kionekane. Siku hizi ninapotoa kifungu kama kile, naongeza swali la sita, ambalo halina alama wala halijibiwi kwa maandishi: Ni nani aliye karibu nawe ambaye habari hii yamhusu? Kisha nanyamaza kidogo kabla ya kengele, nami nalijibu moyoni mwangu kwa kutazama safu ya pili.